Kamba ya Futi Thelathini

Rafiki yangu alinipa daftari lake kwa sababu shati langu lilikuwa na mfuko wa ndani. Baba yangu ni fundi cherehani Bunda, na mashati yote aliyonishonea aliyatia mfuko wa siri upande wa kushoto, ili nauli isiibiwe njiani. Chuoni walinicheka mwaka mzima kwa ajili ya mfuko huo. Alhamisi ile, matone ya kwanza yalipoanguka, rafiki yangu alikuja mbio kutoka upande wake wa uwanja, akanisukumia daftari kifuani, akasema, "Tia kwenye benki yako hiyo, lisilowe." Kisha akarudi mbio kwenye ncha yake ya kamba.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho kuuona uso wake kwa karibu. Ulikuwa na chaki kwenye nyusi.

Chuo chetu cha ualimu kilikuwa Makoko, karibu na ziwa kiasi kwamba usiku wa upepo tulisikia maji yakipiga mawe. Tulikuwa vijana kama arobaini, waliotoka pande zote za Mara na ng'ambo ya ziwa, Wakristo wengi na Waislamu wachache. Kila Jumatano mmoja wetu alikwenda shule ya mazoezi, hapo hapo kando ya chuo, akafundisha watoto somo moja huku sisi wengine tumekaa nyuma ya darasa na madaftari, tukiandika makosa yake. Tuliiita Jumatano ya kuchinjwa. Zamu ya rafiki yangu ilikuwa Jumatano iliyofuata, na somo lake lilikuwa kupima urefu.

Wengine walifundisha kupima kwa rula ya chuo. Yeye hakutaka. Wakati wa likizo, nyumbani kwao Butiama, alikata mkonge wa boma la ng'ombe, akatoa katani, akasokota kamba ya futi thelathini. Kila futi alipiga fundo, na kila fundo la tatu, yaani kila yadi, alifunga uzi mwekundu. Uzi huo nilimpa mimi, kutoka dukani kwa baba.

"Mtoto wa fundi," aliniambia, "tepu ya baba yako inapima viuno. Hii inapima dunia."

"Nyinyi wa Butiama mmeanza lini kupima? Si mnahesabuga ng'ombe tu?"

"Ndiyo. Na wewe kwa ng'ombe hutoshi hata mguu mmoja."

Alhamisi hiyo baada ya chakula cha mchana tulikwenda kuijaribu kamba kwenye uwanja wa mpira. Mimi nilishika ncha moja karibu na goli, yeye akashika ya pili, tukawa tunasogea na kuhesabu. Wingu lilikuja kutoka ziwani bila kishindo. Mvua ilianza kama mtu anayenyunyiza maji kwa vidole. Baada ya kunipa daftari alirudi kwenye nafasi yake, na mvua ikakaza.

"Achia, tukimbie!" nilimpigia kelele.

"Achia wewe! Mimi naikunja kwanza, isiburuzike matopeni!"

Niliachia. Nilikimbia mpaka kwenye baraza la bweni, nikageuka nimcheke. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja, anaizungusha kamba kati ya kiganja na kiwiko kama mwanamke anayekunja uzi, kichwa ameinamisha, anahesabu mafundo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema neno la kumtania.

Mlio sikuusikia. Wenzangu walisema ulitikisa madirisha mpaka jikoni. Mimi niliona weupe tu, na baada ya weupe niliuona uwanja mtupu. Nilidhani amekimbilia upande wa pili. Kwa kitambo fulani, sijui kirefu au kifupi, nilikuwa namtafuta kwa macho kwenye miti, na kicheko bado kilikuwa usoni kwangu. Nakumbuka nilivyokihisi, kimekauka kama tope, na sikujua namna ya kukitoa. Halafu nikaona ndara moja, mbali na mahali aliposimama. Halafu nikamwona yeye.

Nilitaka kupiga yowe. Mkono ukanifunga mdomo kutoka nyuma, kwa nguvu, mpaka meno yakanikata mdomo. Alikuwa mwanachuo mwenzetu, jirani yake wa huko Butiama, mtu mpole ambaye sijapata kumwona akimgusa mtu kwa ubaya.

"Nyamaza!" alininong'oneza sikioni. "Usimlilie. Aliyepigwa na radi haliliwi. Ukimlilia unaiita irudi kwao. Na usimguse. Hakuna wa kumgusa mpaka mtu wa mvua aje amtakase."

"Amelala matopeni!"

"Najua. Naona. Nyamaza, ndugu yangu, nakuomba."

Mkuu wa chuo, Mwingereza mrefu, alitoka mbio bila kofia akitaka rafiki yangu abebwe aingizwe ndani. Mkufunzi wetu wa hesabu, mzee wa Tanga aliyeogopwa kuliko mkuu, alimshika mkono wa koti. Walisemezana kwa Kiingereza, mkufunzi kwa sauti ya chini, na mkuu akatazama uwanjani, akatutazama sisi. Kisha akamtuma dereva wa lori la dagaa, lililokuwa limetoka mwalo wa Mwigobero na kuegesha mlangoni kungoja mvua, aende Butiama akawalete watu wake.

Lakini mvua ilikuwa inamnyeshea. Hilo hatukuweza kulivumilia. Sijui nani alianza. Nakumbuka turubai la kufunikia kuni likitolewa jikoni, likafungwa pembe zake kwenye miti minne iliyong'olewa kwenye uzio, na vijana wanne wakasimama wakilishika juu yake bila kumgusa, kama paa lisilo na nyumba. Walipochoka wakaingia wengine wanne. Tulipokezana hivyo alasiri nzima. Mtu alipotaka kulia aliondoka kimya akaenda nyuma ya jiko, akauma shuka au ngumi, akarudi. Mkuu wa chuo alishika mti mmoja zamu mbili, maji yakimtiririka shingoni. Mimi nilishika zamu nne, na kila nikiambiwa niachie nilikataa, mpaka mkufunzi akanifungua vidole kimoja kimoja.

Mtu wa mvua alifika jua halijazama, juu ya mizigo ya dagaa, pamoja na baba mdogo wa marehemu. Nilitegemea mtu wa kutisha. Alikuwa mzee mfupi mwenye koti la jeshi na mfuko wa majani, mwenye haraka kama fundi aliyeitwa kuziba bomba. "Nani amemgusa?" aliuliza. Hakuna. "Nani amelia?" Jirani yake akanitazama, na mimi nikatikisa kichwa, na mdomo wangu uliokatika ukatoka damu tena. Mzee akaiona damu, akaguna, akanipangusa kwa jani lake la maji baridi bila kuuliza kitu. Kisha akamnyunyizia marehemu, akanyunyizia uwanja na ile kamba, na baada ya hapo tu ndipo tukaruhusiwa kumbeba.

Tulimzika kesho yake nyumbani kwao. Chuo kizima kilikwenda, kimesimama kwenye lori. Sijawahi kuona msiba wa aina ile. Ng'ombe walilia, mbuzi walilia, na watu mia walisimama kimya mpaka ukasikia udongo ukitua. Mama yake alikuwa mwanamke mwembamba aliyefunga kanga mbili kiunoni kama anayekwenda shamba. Alitujia tulipokuwa tumejikusanya pembeni, akatutazama mmoja mmoja, wote, kana kwamba anatuhesabu.

"Wanangu," alisema, "asante kwa turubai. Nimeambiwa. Sasa naomba hili moja tu. Nina wengine wawili, wadogo. Msimlilie huyu mpaka mwezi mwingine uandame. Mwezi ukiandama tumesalimika. Mtanisaidia?"

Tukasema, "Ndiyo, mama." Tulisema kama watoto wa darasa la kwanza, sauti moja.

Mkuu alinipa ruhusa ya Jumamosi na Jumapili niende Bunda kwa wazazi. Baba hakuniuliza mengi. Mama alipotaka kuangua kilio nilimkataza kwa ukali ambao naujutia. Baba alisema kwamba sisi Waislamu machozi hatukukatazwa, makelele ndiyo tuliyokatazwa, basi nilie polepole. Nikamwambia siwezi. Na kweli sikuweza. Ndani yangu palikuwa pamepigwa weupe ule ule, hapakuwa na tone. Akanitazama, akanipa kazi. "Shika hapa," akasema, akanipa ncha ya kitambaa akanyoosha akate. Akakata. "Achia sasa." Sikuachia. "Mwanangu, achia, nimeshakata." Niliona mkasi umelala mezani, niliona kitambaa kimekatika, na vidole vyangu vilikuwa vya mtu mwingine. Baba akakaa kando yangu kwenye benchi, akashika ncha ile pamoja nami, mpaka adhana ya alasiri. Nilipoondoka Jumapili alinitia tepu yake mfukoni, mfuko wa siri.

Jumatatu ubao wa zamu ulikuwa bado na jina lake, Jumatano, kupima urefu. Hakuna aliyethubutu kulifuta. Mkufunzi wa hesabu alisimama mbele ya ubao huo na fimbo yake ya kuonyeshea.

"Watoto wa shule ya mazoezi wameambiwa watapimiwa darasa kwa kamba," alisema. "Ahadi ya mwalimu kwa mtoto haifi. Nani atachukua?"

Nilisimama. "Andalio la somo ninalo, limo daftarini mwake."

"Nilijua utasimama wewe. Na ukilia mbele ya watoto?"

"Sitalia, bwana mkufunzi. Tulimwahidi mama yake."

"Mlimwahidi mkiwa msibani, wote mko kimya. Darasani ni wewe peke yako, na mwandiko wake." Akashusha fimbo. "Haya. Lisome leo, mara kumi. Machozi yote yamalizikie kwenye kulisoma."

Nililisoma mara ishirini. Halikutoa hata tone moja, na hilo lilinitisha zaidi. Mwandiko wake ulikuwa wa kulalia kulia, kama nyasi za upepo. Aliandika kila kitu, hata utani. *Waulize: darasa hili ni futi ngapi? Wakisema mia, usicheke. Hapa nyamaza. Hesabu mpaka kumi polepole. Usiwasaidie.* Chini kabisa: *Jibu: futi 24. Nimepima kwa rula mara tatu.*

Kamba sikuwa nayo. Ilikuwa imekwenda Butiama pamoja naye. Nilipanga kutumia tepu ya baba.

Jumatano, saa tatu asubuhi, wenzangu walikuwa wamekaa nyuma ya darasa, na watoto mbele, na mimi nimeshika chaki, mlango ulipotiwa kivuli. Mama yake. Alikuwa ameteremka kwenye lori, ana kikapu. Wote tulisimama. Akatuashiria tukae kama mtu aliyechoka kuheshimiwa.

"Nimerudisha kamba," alimwambia mkufunzi. "Imenyunyiziwa, haina neno. Alisemaga ni ya kazi ya shule. Kitu cha shule sikitaki nyumbani kwangu, nikikiona kila siku nitavunja ahadi yangu mwenyewe."

Mkufunzi akainamisha kichwa, akaipokea kwa mikono miwili. "Mama, somo linaloanza sasa ni lake. Ukipenda kaa. Ukiona ni zito, nitakusindikiza."

Alikaa. Alikaa kwenye benchi la mwisho kati ya wenzangu, kikapu mapajani. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nikidondosha chozi sasa, nalidondosha mbele ya macho yake, juu ya vichwa vya wale wadogo wawili. Kamba mkononi mwangu ilinuka moshi na majani.

Nikafuata daftari. Sikuwa na la kwangu hata moja.

"Darasa hili ni futi ngapi?"

"Mia!" alisema mtoto mmoja.

Sikucheka. Nikanyamaza, kama ilivyoandikwa, nikahesabu. Moja. Mbili. Kwenye tatu nikasikia mtu nyuma akivuta pumzi. Kwenye tano mwenzangu mmoja alitazama juu ya dari, na aliyekaa kando yake naye akatazama juu, kisha wote, safu nzima ya vijana wazima wanatazama mabati ili macho yasimwagike. Watoto wakageuka kuona kuna nini darini. Saba. Nane. Alikuwa amejiandikia ukimya huu kwa ajili ya watoto wafikiri, na sasa sote tumo ndani yake. Kumi.

"Ishirini?" alisema mtoto wa kike mbele, kwa woga.

"Tupime."

Nilimpa ncha moja mtoto yule, mwingine akaishika kamba upande wa pili, wakanyoosha kutoka ukuta mpaka ukuta, na darasa zima likahesabu mafundo kwa sauti. Ishirini na mbili, ishirini na tatu, ishirini na nne. Na fundo moja tena, kabla ya ukuta.

"Ishirini na tano, bwana mwalimu!"

Nikatazama daftari. 24. *Nimepima kwa rula mara tatu.* Tukapima tena. Ishirini na tano. Nikatoa tepu ya baba, ya futi tano, kwenye mfuko wa siri, nikaipitisha ukutani, mara nne kamili na futi nne. Ishirini na nne. Watoto walikuwa wananitazama, wenzangu wananitazama, na mimi sikuweza kusema kwamba amekosea. Ningeweza kusema mengine yote lakini si hilo. Chumba kikaanza kuwa cheupe pembeni.

"Imejivuta."

Ilikuwa sauti ya mama yake, kutoka nyuma. Kavu, yenye kukereka kidogo.

"Katani mpya ikilowa inajivuta, inafupika. Nilimwambia. Nilimwambia, mwanangu, iloweshe kwanza, ianike, ndiyo upige mafundo. Akasema, mama, likizo imekwisha. Alikuwaga na haraka huyo! Hata kuzaliwa alikuja kabla ya mkunga."

Mtoto mmoja akacheka. Kisha mwingine. Mama naye akatoa sauti fupi puani, na ilipotoka niliona wenzangu wote wameshusha vichwa kutoka darini, wanamtazama. Alikuwa amesimama. Akaja mbele, akaweka kikapu chini, akaishika kamba, akaipitisha vidoleni kama anayetafuta mwiba.

"Hii sasa imetulia, haitajivuta tena. Mafundo ndiyo ya uongo. Yafunguliwe, yapigwe upya."

Nikamtazama mkufunzi. Hilo halikuwa kwenye andalio. Mkufunzi, ambaye hakupata kumruhusu mtu kuacha andalio hata kwa mstari mmoja, alifunga daftari lake la makosa.

Watoto walifungua mafundo kwa kucha na kwa meno, wamejipanga kando ya kamba kama kunguru. Nyuzi nyekundu zilirundikwa mezani. Kisha mama akaniambia, "Wewe shika huku," akanipa ncha, akaenda na ncha ya pili. Tepu ya baba ikalazwa kando, na yeye akaanza kupiga fundo la kwanza. Tulikuwa tumevuta kamba kati yetu, mimi na yeye, na watoto wote pembeni.

"Mama," nilisema. Sikupanga kusema. "Siku ile ni mimi niliyeshika upande wa pili. Niliachia."

Hakuinua uso. Alikaza fundo, akasogea futi moja.

"Mama yako yuko hai?"

"Yuko. Bunda."

"Basi vizuri." Akapiga fundo la pili. "Nyoosha mkono, unalegeza."

Nikanyoosha. Tulikwenda hivyo mpaka fundo la mwisho. Kengele ya kipindi ililia, na hakuna mtoto aliyetoka. Watoto wawili wakapima darasa tena. Ishirini na nne, fundo limegusa ukuta. Nikaandika jibu ubaoni, na chini yake, kwa kuwa daftari lilisema niandike, nikaandika jina la aliyelitayarisha somo.

Mama yake alikuwa anachukua kikapu. Aliuona ubao. Kusoma hakujua, lakini jina lile aliwahi kuonyeshwa, akalitambua kama mtu anavyotambua mwendo wa mtu kwa mbali. Alisimama hapo. Nikaona kidevu chake kinaanza kutetemeka. Aliuma kanga. Akahesabu, nadhani; midomo yake ilikuwa inatembea. Kisha akaitoa kanga mdomoni.

"Kwa hesabu zenu za kalenda," alimwuliza mkufunzi, "mwezi unaandama lini?"

"Jumapili, mama. Ukichelewa sana, Jumatatu."

"Basi Jumatatu mje. Wote. Huyu wa kamba pia." Akanigusa bega kwa kidole kimoja. "Msilie huku peke yenu kama mayatima. Mje mlie kwangu. Nitapika."

Mwezi tuliuona Jumapili magharibi, mwembamba, juu ya ziwa. Jumatatu lori lile lile la dagaa lilitupeleka. Njia nzima kutoka Makoko mpaka Butiama tulishikana mabega kwa sababu ya mashimo. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, na wadogo wawili nyuma ya kanga yake, wazima. Lori lilipozima injini alitutazama tukiruka chini, mmoja mmoja, na alipofika kwangu akafungua mikono, akapiga yowe la kwanza yeye mwenyewe.